Mgono, Kaa na Inzi wa Usubi

Maji ya Mto Momba hayafiki baharini. Huanzia nyanda za juu za mpakani, ambako upande wa Zambia mto huo huitwa Saisi, hushuka bondeni katika nchi ya Wanyamwanga na kuishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Msangano, katika Wilaya ya Momba mkoani Songwe, imo ndani ya beseni hilo. Mkazi wake akitaka kuona kamba-koche akitolewa mtegoni, hana budi kukata zaidi ya kilomita 900 za barabara ya TANZAM hadi Dar es Salaam.

Lakini kaa wa maji baridi hawahitaji bahari. Wako wa jenasi ambayo wataalamu huiita Potamonautes, na wameenea katika mito na vijito vya Afrika Mashariki, hasa ile ya milimani yenye maji ya kasi. Mchana hujibana chini ya mawe na ndani ya mashimo ya kingo. Usiku hutoka kutafuta majani yaliyooza, konokono, mizoga na chochote wanachoweza kukidhibiti kwa magando. Aliyekulia karibu na kijito cha namna hiyo humjua kaa tangu utoto, pengine kwa kubanwa kidole alipoinua jiwe.

Mnyama huyu amewahi kushika ufunguo wa mojawapo ya kazi ngumu kabisa za afya ya jamii katika ukanda huu: kumtafuta na kummaliza inzi anayepofusha watu. Na chombo kilichotumika kumfikia hakikutoka maabara yoyote ya Ulaya. Kilikuwa mgono.

Mgono hutengenezwa kwa vitu vinavyoota mtoni penyewe. Fito nyembamba au vipande vya mianzi hupangwa kwa urefu, vikafungwa kwa pete kadhaa za kamba, upande mmoja ukabanwa mpaka ukaziba na mwingine ukaachwa wazi. Ndani ya upande ulio wazi hupachikwa koni fupi ya fito zilizochongwa, ncha zote zikielekea ndani. Mnyama anapojisukuma kuingia, fito humpisha. Akigeuka ili atoke, anakutana na ncha. Chambo hukaa nyuma kabisa: utumbo wa kuku, kichwa cha samaki, kipande cha nyama kilichoanza kunuka. Anayetega kaa huulaza mgono chini, mdomo ukitazama kule maji yanakokwenda, kisha huukandamiza kwa jiwe. Harufu ya chambo husafiri na mkondo, na kaa aliye chini huifuata akipanda, hadi akaingia mwenyewe. Jioni mtu anatega, asubuhi anategua.

Ukoo wa mtego huu ni wa kale sana. Mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki, aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi katika karne ya 1 baada ya Kristo, ule uitwao Periplus wa Bahari ya Eritrea, alifika kwa maneno yake hadi kisiwa alichokiita Menouthias. Wanahistoria wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Aliona huko mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na akashangazwa na jinsi wenyeji walivyovua: waliweka vikapu vilivyosukwa kwenye midomo ya mikondo inayopita kati ya miamba. Wavuvi wa pwani wanaoshusha madema yao leo karibu na matumbawe wanafanya kazi ambayo msafiri huyo angeitambua bila kuelezwa. Bara ina mgono, pwani ina dema. Fundi wa kimoja hawezi kupotea mbele ya kingine.

Hadi mwaka 1950, hata hivyo, hakuna daktari aliyekuwa na sababu ya kutega kaa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umejulikana kwa miongo kadhaa. Mwaka 1875 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, John O'Neill, alieleza alivyoona minyoo midogo ndani ya ngozi ya watu wa pwani ya Ghana waliokuwa wakiwashwa kupita kiasi. Baadaye ilijulikana kuwa mnyoo huo, Onchocerca volvulus, hukomaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, na jike huzaa minyoo michanga kwa maelfu, ambayo husambaa ngozini na kupenya machoni. Mgonjwa hujikuna mpaka ngozi inakuwa ngumu na kupoteza rangi. Baada ya miaka mingi ya kuambukizwa tena na tena, macho huanza kuingia ukungu, na mwisho mtu hupofuka. Mwaka 1926, akiwa Sierra Leone, Donald Blacklock alithibitisha mwenezaji: inzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo, aumaye mchana karibu na mito, aitwaye Simulium damnosum. Watanzania humwita usubi, na ugonjwa wenyewe ukachukua jina lake.

Viluwiluwi wa inzi huyo wa Sierra Leone hawakuwa siri. Huhitaji maji yanayokimbia, yenye hewa nyingi, na hujishikiza kwenye mawe na majani yaliyozama. Mtu akiinua tawi kutoka kwenye maporomoko, anawaona wameganda wengi pamoja. Kwa hiyo madaktari wa Kenya walipokuta usubi katika mabonde ya Nyanza, wakatambua kuwa inzi wa huko ni wa aina nyingine, Simulium neavei, walitegemea kuwapata watoto wake kwa njia ileile. Waliinua mawe. Walivuta majani na mizizi. Walipita vijito kimoja baada ya kingine kwenye misitu, na inzi wakubwa wakiwauma papo hapo ukingoni. Kiluwiluwi hata mmoja hakuonekana.

Katika bonde la Kodera, Nyanza Kusini, watu walikuwa wakipofuka. Walioongoza kazi huko ni P. C. C. Garnham, daktari aliyekuwa ameishi Kenya tangu miaka ya 1920 na ambaye baadaye angepata sifa duniani kwa utafiti wa malaria, pamoja na mtaalamu wa wadudu J. P. McMahon. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na dawa mpya ya DDT ilikuwa imeanza kupatikana kwa matumizi ya raia. Mwaka 1946 waliamua kutosubiri. Kama inzi huyu anazaliana mtoni, walifikiri, basi atakuwa mahali fulani majini, tuone au tusione. Dawa ikipita, itamfikia. Wakatia DDT mtoni kwa vipindi, dozi baada ya dozi, na inzi akatoweka Kodera. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1947. Walikuwa wamekiangamiza kizazi ambacho hakuna jicho lililokuwa limekiona.

Ulikuwa ushindi mkubwa, na ulikuwa na tundu. Inzi wakubwa wa Simulium neavei si wengi kama wale wa mito mikubwa, na hupenda kivuli cha msitu. Njia pekee ya kuwapima ilikuwa kuwaweka watu ukingoni kutwa nzima, suruali zimekunjwa hadi magotini, ili inzi atue kwenye mguu na kukamatwa kwa kichupa kabla hajauma. Siku isiyo na inzi haikuthibitisha lolote: huenda wamekwisha, huenda mvua imewazuia, huenda wako kilomita mbili juu. Bila kujua wanapolelewa, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni kijito kipi kitiwe dawa na kipi kiachwe.

Mtafiti J. J. C. Buckley alijaribu njia nyingine katika Nyanza hiyohiyo: alifyeka vichaka na miti ya kando ya mto. Inzi akatoweka pale palipofyekwa, kwa sababu kivuli chake kiliondoka. Matokeo hayo yalikuwa ya kweli, lakini ni dawa ya bei mbaya. Mto uliovuliwa miti hupoteza pia kingo zake na maji yake ya kiangazi, na vizazi vilivyofuata vimeilipa gharama hiyo katika mabonde mengi ambako hakuna hata aliyekuwa akifikiria usubi.

Jibu lilikuja mwaka 1950, na lilikuja kwa mzunguko. V. D. van Someren na McMahon walikuwa wameona viluwiluwi vya Simulium vya aina fulani vikiwa vimejishikiza kwenye miili ya wadudu wengine wa majini, wa jenasi Afronurus. Kama aina moja inaweza kupanda mgongoni kwa mdudu mwenzake, kwa nini neavei asipande mgongoni kwa mwingine? Wakaacha mawe, wakageukia wanyama. Walipomtoa kaa majini na kumtazama kwa karibu, walikuwa wamefika. Viluwiluwi vilikuwa vimejishikiza kwenye gamba lake na mahali miguu inapoungana na mwili, vikitandaza mapepeo yao madogo ya kinywani kuchuja chakula ndani ya maji. Pupa walikuwa hapo pia. Habari hiyo ilitoka mwaka huohuo katika jarida la Nature.

Kaa mwenyewe hadhuriki sana, wala hanyonywi damu. Yeye ni kipandio tu. Anapotembea kwenye mkondo, abiria wake hupata maji mapya yenye hewa. Anapojificha chini ya jiwe, nao hujificha, na ndiyo maana walioinua mawe na kumwacha kaa akimbie hawakuona kitu. Hatari ya abiria hao ni siku kaa anapobadili gamba: gamba la zamani likivuliwa, vilivyo juu yake hupotea nalo.

Tangu siku hiyo swali la "inzi yupo au hayupo" likawa swali la kaa. Kuna njia ya kumkamata kwa mkono, nayo ni ngumu, kwani maji ni ya kasi na mashimo ni marefu. Mgono ndio uliofanya kazi iwezekane, na katika kumbukumbu za miradi ya baadaye Uganda mitego ya vikapu vya kienyeji yenye chambo cha nyama au samaki ndiyo iliyotegwa mtoni. Mtegaji anamshika kaa kwa nyuma ya gamba ili magando yasimfikie, anamgeuza tumbo juu, na mtafiti anapitisha macho na lenzi kwenye kila kiungo cha mguu. Huhesabu viluwiluwi, huhesabu pupa, huandika jina la kijito na tarehe, kisha kaa hurudishwa majini. Kijito kikiwa na kaa wengi wenye abiria, kitiwe dawa. Kikiwa na kaa wengi wasafi mwaka baada ya mwaka, kina habari njema ambayo mguu wa mtu ukingoni usingeweza kuithibitisha.

Kenya ilikwenda haraka baada ya hapo. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 bonde moja baada ya jingine la magharibi lilitiwa DDT, na mwaka 1958 McMahon, pamoja na R. B. Highton na H. Goiny, walichapisha taarifa yenye madai makubwa: Simulium neavei ametokomezwa Kenya. Watafiti walirudi kuwapima wakazi miaka 9, 11 na 18 baada ya inzi kuondolewa. Ripoti ya mwaka 1967 ilionyesha jambo ambalo kila mpango wa usubi ulimwenguni hulizingatia hadi leo: mnyoo mkubwa huishi mwilini zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo kumwondoa inzi kunahitaji uvumilivu wa kizazi kizima kabla ugonjwa haujaisha kwa watu.

DDT iliacha deni lake, na haifai kulifunika. Dawa hiyo haichagui, hukaa muda mrefu, na hupanda kutoka mdudu hadi samaki hadi ndege. Waliotia DDT Kodera hawakulijua hilo lote mwaka 1946. Waliona vipofu na wakatumia walichokuwa nacho. Mtu wa leo anaweza kuheshimu uamuzi wao na bado akashukuru kwamba miradi iliyofuata ilihamia dawa zisizodumu majini namna ile.

Tanganyika nayo ilikuwa na kaa wake wenye abiria. Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikawa makao ya watafiti wa malaria na magonjwa mengine yanayoenezwa na wadudu. D. J. Lewis aliandika mwaka 1960 kuhusu inzi wa kundi la neavei wa pale, na J. N. Raybould akaendelea kwa miaka mingi kuchunguza Simulium woodi, mwenezaji wa usubi Usambara, ambaye naye hulelewa juu ya kaa wa vijito vya msituni.

Ukurasa ulioandikwa vizuri kuliko zote ni wa Uganda. Msitu wa Itwara, magharibi mwa nchi karibu na Fort Portal, ulikuwa makazi ya neavei, na kaa wa vijito vyake ana jina la kitaalamu lililo refu kuliko yeye: Potamonautes aloysiisabaudiae. Jina hilo alipewa mwaka 1906 kwa heshima ya Luigi Amedeo wa Savoy, mwana wa mfalme aliyepanda vilele vya Rwenzori mwaka huohuo. Kufikia miaka ya 1990 dunia ilikuwa na silaha mpya. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kutoa bure dawa ya ivermectin, inayojulikana kwa jina la Mectizan, kwa yeyote anayeihitaji kwa muda wote itakapohitajika. Dawa hiyo huua minyoo michanga na kumpumzisha mnyoo mkubwa asizae, lakini haimuui, hivyo lazima inywewe mwaka hadi mwaka. Itwara haikutaka kusubiri minyoo izeeke. Kuanzia mwaka 1995 vijito vya msitu huo vilitiwa Abate, dawa ya kuua viluwiluwi, kwa mikono ya watu waliotembea kwa miguu hadi kwenye chemchemi.

Walijuaje kwamba wanashinda? Kwa migono. Kaa wa Itwara walitegwa na kukaguliwa kijito kwa kijito, miaka mfululizo, hadi kaa wenye abiria wakaacha kuonekana. Rolf Garms na wenzake walichapisha mwaka 2009 taarifa ya kutokomezwa kwa inzi huyo Itwara, na utaratibu huohuo ukatumika Mpamba-Nkusi na katika miteremko ya Mlima Elgon. Mwaka 2007 Uganda ilikuwa tayari imeamua kulenga kuutokomeza usubi nchi nzima, tofauti na kuudhibiti tu, na kugawa dawa mara mbili kwa mwaka. Ni uamuzi wa ujasiri kwa nchi yenye misitu na mito mingi kiasi hicho, na kaa ndiye aliyeipa serikali ushahidi wa kuusimamia.

Songwe imo katika habari hii kwa njia ya Ileje. Wilaya hiyo, pamoja na Rungwe, Busokelo na Kyela za Mbeya, huhesabiwa katika eneo la usubi la Tukuyu, ambako mito hushuka kwa kasi kuelekea Ziwa Nyasa. Inzi wa huko ni wa kundi la damnosum, wale wa mawe na majani, kwa hiyo kaa si shahidi na mgono hauna kazi hiyo. Kazi kubwa imebebwa na kingatiba ya ivermectin, ambayo wagawa dawa wa vijiji wamekuwa wakiigawa kwa kumpima mtu urefu kwa fimbo iliyotiwa alama na kumhesabia vidonge vyake. Mwaka 2015 wataalamu walikwenda Tukuyu kupima kama maambukizi yamekatika, wakakusanya inzi na kupima damu za watoto. Mtoto ndiye kipimo kizuri, kwa kuwa hakuwepo kabla ya kingatiba kuanza. Damu yake ikionyesha dalili za mnyoo, maambukizi bado yapo.

Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Niger imeutokomeza usubi, nchi ya kwanza Afrika. Kabla yake zilikuwa Colombia, Ecuador, Mexico na Guatemala. Tanzania haijafika huko, na zipo sehemu kama Mahenge ambako ugonjwa umeng'ang'ania ijapokuwa dawa imegawiwa kwa miaka mingi. Katika sehemu hizo usubi umehusishwa pia na kifafa cha watoto, jambo ambalo daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianza kukutana nalo Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipoona watoto wanaotikisa vichwa bila kujizuia. Anayepelekewa vidonge mlangoni avimeze hata kama hawashwi, maana mnyoo hahitaji kumpa mtu dalili ili aendelee kuzaa.

Kuna kundi moja ambalo halimo katika taarifa hizi zote. Garnham, McMahon, van Someren, Buckley, Lewis, Raybould na Garms wana majina yao kwenye majarida, na wanastahili. Waliosuka migono, waliojua ni jiwe lipi kaa hupenda, waliokaa ukingoni miguu wazi ili inzi atue, hawakuandikwa. Waliofanya kazi Kodera wengi wao wametangulia. Waliotega Itwara na Elgon, na wale waliowasaidia watafiti wa Amani katika miaka ya 1960 na 1970, baadhi yao wako hai, wazee sasa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, idara za historia za vyuo vikuu vyetu, na yeyote mwenye kinasa sauti na subira, wawaendee wangali na kumbukumbu, waandike majina yao na namna walivyotega.